Naomba ushauri: mifupa ya mama, tembe za kila wiki au dripu ya mwaka?

Ndugu zangu, nisaidieni. Mama ana miaka 71, tunaishi naye hapa Umoja. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, kuanguka kidogo tu, kifundo cha mkono kikavunjika. Alipopimwa uzito wa mifupa, majibu yakaja hasi 3.1, na kuanzia hasi 2.5 kwenda chini huhesabiwa kuwa mifupa imedhoofika.

Daktari ametaja tembe za alendroneti kila wiki, au dripu ya asidi ya zoledroni mara moja kwa mwaka. Tembe humezwa asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula chochote, kisha asilale kwa nusu saa. Hofu yangu ni kwamba mama ana kiungulia kibaya, na dawa hiyo inaweza kumchoma umio. Dripu nayo, lazima figo zipimwe kwanza. Maziwa na omena anapata, ila hayo peke yake hayatoshi sasa.

Aliyeuguza mzazi kwa dripu, ile homa ya siku za kwanza ilikuwaje? Na mama ana meno mawili mabovu; wenu mlimng'oa meno kama hayo kabla ya kuanza dawa, maana kung'oa baadaye kunaweza kuleta shida ya taya? Mwenyewe ananiuliza kila siku lini atasonga ugali tena.