Siku mbili za urithi mtaani Mji Mkongwe: vijana wafundishweje kazi ya chokaa?

Kiponda_Kwetu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kikundi chetu cha mtaa kinaandaa siku mbili za urithi katikati ya Septemba. Ngoma, mashindano ya bao na mapishi yamepata wasimamizi. Wazee wameshika neno moja: sherehe bila kazi ni kelele tu, wanataka vijana wafundishwe kujenga na kutengeneza kwa chokaa kabla mafundi waliobaki hawajaondoka.

Tunao vijana 12, fundi mmoja mtu mzima aliyekubali kufundisha, na nyumba ambayo mwenyewe ametoa baraza na ukuta wa mbele, kiasi cha mita 6 kwa 3. Ukuta ni wa mawe, lakini uliwahi kupigwa lipu ya saruji na sasa imepasuka na kutoka mabaka, na chini kuna unga mweupe wa chumvi. Sasa ni mwanzo wa Mei. Tuanzie wapi, tununue kiasi gani, na muda unatosha? Wapo pia wanaotaka turekodi kumbukumbu za wazee wa mtaa.

FundiMalindi

Waalaykum salaam. Muda unatosha mkianza wiki hii, kwa sababu kalenda yenu haipangwi na sherehe, inapangwa na shimo la chokaa. Chokaa iliyozimwa jana, yaani mawe yaliyochomwa yakatiwa majini yakachemka na kulainika, ikipigwa ukutani leo itawaaibisha mbele ya wageni. Kwa tabaka la chini ikae shimoni si chini ya wiki 4, na ya kumalizia miezi 3. Mkizima katikati ya Mei, Agosti mtakuwa na ya kumalizia.

Kuzima: tangulizeni maji shimoni au kwenye pipa la chuma, ndipo mtie mawe ya chokaa kidogo kidogo huku mkikoroga. Kamwe msimwage maji juu ya chokaa kavu, itaruka. Kwa ndoo 1 ya chokaa tayarisheni ndoo 3 za maji. Itachemka kwelikweli, kwa hiyo ndoo za plastiki hazifai na watoto wasikaribie. Kila anayekoroga avae miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 20 mfululizo, kisha hospitali hapohapo. Ikishatulia, chujeni kwa wavu wa matundu ya milimita 3, na juu yake yabaki maji kina cha vidole vinne. Msiruke kuchuja: punje ambazo hazijazimika vizuri hujizima baadaye ndani ya lipu, zikavimba na kutumbua vishimo.

Mkikosa mawe ya chokaa ya tanuu, chokaa ya mfuko, ambayo imeshazimwa kiwandani, inafaa mradi iwe mpya. Ilowesheni siku moja au zaidi kabla ya kuitumia. Mfuko uliokaa dukani umefunguka ni vumbi tu, umeshavuta hewa na kufa. Na ya tanuu, muulizeni muuzaji mawe ametoa wapi. Ya kuchimbwa nchi kavu sawa, ya kung'olewa baharini hapana.

Mchanga: usiwe wa pwani. Chumvi yake ndiyo hiyohiyo mnayoiona chini ya ukuta. Tieni mchanga kwenye chupa ya maji, tikiseni, acheni usiku. Tope likikaa juu kwa tabaka nene, tafuteni mwingine. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na vijana wajionee kwa nini: jazeni kopo kwa mchanga mkavu, kisha mimineni maji kwa kipimo mpaka yafike juu. Mara nyingi yatakuwa kama theluthi ya kopo. Huo ndio uwazi ambao chokaa inatakiwa kuujaza.

Hesabu: ukuta wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Tabaka mbili za sentimita 1 kila moja ni lita 360, ongezeni moja ya tano ya kupotea, mnafika kama lita 430. Chokaa inaingia kwenye uwazi wa mchanga, kwa hiyo mchanga ni lita 430 hizohizo, ndoo 22 za lita 20, na chokaa laini ndoo 7 na kidogo. Wekeni ndoo 9, maana ukuta wa mawe una mashimo. Mashimo makubwa msiyajaze lipu tupu, itapasuka. Tomeeni kwanza kwa vijiwe na chokaa, acheni wiki.

BintiVuga

Fundi amesema ya shimoni, niongeze ya karatasi, kwani kazi nyingi za mitaa hukwama hapo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi ya ukuta wa nje inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hata ikiwa ni kurudisha tu kilichokuwepo. Pelekeni ombi Mei hii: picha za ukuta mzima na za karibu, maelezo ya vifaa, barua ya mwenye nyumba. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, naye apewe taarifa mapema, si siku ya kufunga njia.

Hakikisheni huyo "mwenyewe" ni mwenye mali kweli. Mpangaji hawezi kutoa ruhusa ya ukuta. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, anayesaini ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya urithi wa ndugu sita inataka saini zao, au wakala wao waliyemwandikia. Ndugu mmoja asiyeulizwa anatosha kusimamisha kazi ukuta ukiwa umeshachubuliwa.

Kuhusu fundi: mlipeni ujira wa siku kamili kama wa saiti, na mjue anapofundisha, kasi ya kazi hushuka nusu. Vijana 12 kwenye ukuta mmoja ni wengi. Wagawane makundi matatu ya wanne, moja linachanganya, moja linapiga, moja linalowesha na kuandika daftari, na wabadilishane kila siku. Wapeni nauli na chakula, maana wengi huacha kwa kukosa hivyo, wala si kwa uvivu. Na msichukue wavulana tu. Kazi ya kumalizia inataka mkono mwepesi na subira, na wasichana hawakosi hayo.

Mjenzi_Hurumzi

Wazo zuri, lakini mimi ningeshauri mtie saruji kidogo kwenye mchanganyiko, hata 1 kwa 10, lipu ishike haraka. Miezi minne ni michache na baraza linakaliwa kila siku.

FundiMalindi

Hapana ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Kuta hizi zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe kwa chokaa na udongo mwekundu, na hazina kizuizi cha unyevu chini. Maji yanapanda toka ardhini na yanatakiwa yatoke kupitia lipu. Ukiyaziba kwa saruji yanatafuta njia nyingine: yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kulisaga jiwe, na unyevu ukifika kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta, boriti zinaoza pasipo mtu kuona. Hapo dari linashuka. Saruji kidogo nayo haisaidii: haitoshi kuipa lipu nguvu, lakini inatosha kuvuruga namna chokaa inavyokomaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevunyevu. Haraka ndiyo inayoiua.

Hoja yako ya baraza ni ya kweli. Dawa yake ni vumbi la tofali la udongo lililochomwa kwa moto wa wastani, likatwangwa na kuchekechwa: chokaa 1, vumbi nusu, mchanga 2 na nusu. Inashika hata penye unyevu na inastahimili kukaliwa. Likishapigwa, zungusheni kamba, watu wasikae wiki 4.

Sasa ukuta wenyewe. Kabla ya kugusa lipu, tazameni juu. Mlizamu ulioziba au bomba la mvua lililopasuka likiachwa, kazi yote itaharibika masika ijayo. Tengenezeni hilo kwanza.

Saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia kwenye ukingo uliokwisha kuachia, mkielekeza patasi kando, si ndani. Penye kung'ang'ania kiasi cha kung'oka na jiwe, acheni palivyo. Msiruhusu mashine. Kisha ukuta uachwe wazi mwezi Juni na Julai ukauke. Chumvi itatoka kama unga. Ipanguseni kwa brashi kavu na kuizoa kabisa; mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani.

Mwanzo wa Agosti ndipo mpige. Ulowesheni ukuta jioni na tena asubuhi, unyonye lakini using'ae maji. Tabaka lisizidi sentimita 1. Likwaruzeni lishikane na la pili. Subirini kama wiki, mpaka ukibonyeza kwa kidole halibonyei lakini ukucha unaacha alama. Msimu huo kipupwe na upepo wa kusi vinadanganya: hakuna joto, watu wanasahau kulowesha, na upepo unakausha lipu kuliko jua. Tundikeni magunia ya katani yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, yasiuguse, na mnyunyize mara tatu kwa siku kwa siku 7. Nyufa za utandu zikitokea siku ya kwanza au ya pili, nyunyizeni kidogo na msugue kwa kibao cha mbao zijifunge. Mkichelewa hadi ya nne, hazifungi tena.

Kumbukumbu_Zanzibar

Kuhusu kurekodi wazee, anzeni sambamba na ukuta, na ukuta uwe ndio swali. Ukimuuliza mzee "tuambie historia ya mtaa" utapata hotuba. Muulize nani alikuwa akikaa kwenye baraza hili, maji yalichotwa wapi, chokaa ilichomwa wapi na kuni gani, nyumba ikitengenezwa nani alipika. Mpelekeni na picha ya zamani ya mtaa ashike mkononi.

Simu ya kawaida inatosha. Iwekeni hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama shubiri moja na nusu toka mdomoni. Zimeni feni, fungeni dirisha la upande wa njia. Dakika 45 zinatosha kwa kikao. Mzee akichoka, hukubali tu kila unachosema. Faili lipewe jina siku hiyohiyo: tarehe, mtaa, namba. Hifadhini nakala 3, mbili kwenye diski tofauti na ya tatu nje ya nyumba hiyo. Simu peke yake si hifadhi.

Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi na isomwe kwa sauti: nani atasikiliza, je itachezwa hadharani, na mzee ana haki ya kufunga sehemu yoyote hata baadaye. Wazee wengi wana mambo ya 1964 na ya mali za familia ambayo hawataki yapigwe kwenye spika mbele ya majirani. Msitoe kipande chochote siku ya sherehe kabla ya yeye mwenyewe, au mtoto aliyemteua, kukisikiliza.

Kiponda_Kwetu

Allah awalipe kheri nyote. Mawili ya mwisho. Siku yenyewe ya sherehe wageni wataona nini, ikiwa lipu imeshamalizwa Agosti? Na mfadhili mmoja anatoa rangi ya mafuta ya bure kwa ukuta.

FundiMalindi

Rangi ya mafuta mshukuruni aibadilishe iwe miwani na glavu. Rangi hiyo, na ya plastiki pia, inaziba ukuta kama saruji. Pakeni chokaa: ile laini ya shimoni iliyotiwa maji mpaka iwe kama maziwa, mikono (yaani mipako) mitano myembamba kwa brashi ya katani, ukuta ukiwa umeloweshwa, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza huonekana kama maji tu, vijana wasiongeze uzito. Ikipakwa nene inabanduka kama magamba.

Siku ya sherehe msipige lipu ukutani. Hotuba ikirefuka, jua linamaliza kazi. Tengenezeni fremu nne za mbao, sentimita 60 kwa 60, zenye fito, na vijana wenyewe wawaonyeshe wageni kuchanganya na kupiga hapo. Wanaojaribu wavae glavu na miwani, watoto watazame nyuma ya kamba. Kando wekeni kipande cha lipu ya saruji mliyoitoa, chenye chumvi mgongoni. Na mumpe mtu mmoja kazi ya kuhakikisha hakuna anayepigilia msumari wa bango au kuegemeza spika kwenye ukuta mpya.

BintiVuga

Na tangazeni siku hiyohiyo nyumba ya pili, kibali chake kikiwa mkononi. Shimo lisikauke: likibaki na chokaa, mwagieni maji na mlifunike, itazidi kuwa nzuri.