Naombeni ushauri: kurudia maneno katika sala ni kosa?

Bwana asifiwe, wapendwa. Niko Katwe, Kampala, nafundisha vijana kusali. Tumeanza na Luka 11, mwanafunzi mmoja anapomwomba Yesu awafundishe kusali. Sala ya Bwana wanaijua kwa moyo, ila wanaikimbiza tu, na hilo linaniuma.

Sasa kijana mmoja kauliza: Mathayo 6:7 Yesu anakataza kupayuka-payuka, mbona bustanini Gethsemane, kabla ya kukamatwa, alisali mara tatu kwa maneno yale yale? Mimi naona kinachokatazwa ni kudhani Mungu husikia kwa sababu ya wingi wa maneno. Mstari wenyewe unasema hivyo. Lakini makesha yetu yana marudio mengi, na sitaki kuwavunja moyo wazee wetu. Ninyi mngewaelezaje?

Na anayelala chumba kimoja na familia nzima, ule mlango wa Mathayo 6:6, tunaoambiwa tuufunge tunaposali, aufunge vipi?