Polisi wa kujitolea Uingereza huku una kazi yako: nani amefanya?

Mtu_wa_Ghala

Habari zenu ndugu zangu. Niko Northampton, nafanya kazi ghalani, zamu za saa kumi na mbili, siku nne kazini na nne nyumbani. Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kudumu cha kuishi hapa. Upolisi nimeutamani tangu nikiwa mdogo Kericho, lakini siku ya usajili uwanjani sikuchaguliwa. Sasa nimeona wanatafuta makonstebo wa kujitolea, wale wa Special Constabulary. Wanamchukua mtu asiye raia? Ni polisi kamili, au ni kusimama barabarani siku ya mechi? Na mwili utastahimili? Mke wangu anafanya usiku kwenye nyumba ya wazee na watoto wawili bado wako shule ya msingi. Naomba anijibu mtu aliye ndani.

BintiTanga

Kaka, mimi niko ndani tangu kabla ya korona, si mbali sana na huko uliko. Jumatatu hadi Ijumaa niko ofisi ya mishahara ya chuo, na wikendi kadhaa nimo ndani ya sare.

Pasipoti ya Kenya haikuzuii. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanakubaliwa, ilimradi kibali cha kukaa hakina kikomo. Uwe pia umeishi Uingereza miaka 3 mfululizo, ili wapate pa kukuchunguza. Mbio zisikutishe: unakwenda na kurudi mita 15 ukifuata mlio hadi ngazi ya 5.4, kama dakika tatu na nusu hivi. Mtu anayetembea ghalani kutwa atazimaliza.

Na ni polisi kamili. Unakula kiapo mbele ya hakimu, na kuanzia hapo una mamlaka yaleyale ya kukamata na kupekua aliyo nayo konstebo wa mshahara, England na Wales nzima. Pingu, kirungu, dawa ya kupuliza machoni, kamera ya kifuani, vyote unapewa. Anayekupigia simu usiku hatakuuliza kama unalipwa. Ukivunja maadili, nidhamu ni ileile. Ndiyo maana nakushauri ujiunge mapema na Police Federation, chama cha kutetea askari, kwa kuwa tangu sheria ya 2022 hata sisi tunaruhusiwa. Siasa za vyama uziweke kando kabisa.

Saa wanazotaka ni angalau 16 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni zamu mbili tu. Nikueleze zamu yenyewe inavyokuwa. Jumamosi moja nilitakiwa kutoka saa tisa usiku. Saa saba na nusu tukamkamata kijana nje ya baa, kampiga mwenzake kwa chupa na yeye mwenyewe kachanika kiganja. Sajenti wa mahabusu akasema hampokei mpaka ashonwe. Basi tukaenda kukaa hospitali, idara ya dharura, yeye kwenye kiti cha katikati, mwenzangu kulia, mimi kushoto. Alianza kwa matusi, pombe ilipomtoka akaniuliza kama mama yake ataambiwa, kisha akalala kichwa kimeegemea ukuta. Mimi naandika maelezo gotini: alishika chupa kwa mkono upi, nilisimama umbali gani, taa ya barabarani ilikuwa inawaka au la, kati yangu na yeye kulikuwa na nani. Nilifika nyumbani saa mbili asubuhi. Miezi baadaye unaweza kuitwa mahakamani, na wakili wa mshtakiwa atauliza hayohayo. Usipoyaandika usiku ule, huna la kusema. Na siku ya mahakama ni siku ya kuomba ruhusa kazini.

Kwa hiyo zungumza na msimamizi wako kabla ya kujaza fomu. Sheria haimlazimishi mwajiri kukupa muda. Baadhi ya kampuni zimo kwenye mpango wa Employer Supported Policing na huwapa wafanyakazi wao saa kadhaa za kulipwa kwa ajili ya kazi hii. Ulizia kama yenu imo. Mshahara wa polisi wenyewe haupo, utarudishiwa nauli na gharama ndogondogo tu. Na kama una kibarua cha ulinzi wa mlangoni kwenye vilabu, kwa kawaida hakiendi pamoja na hili.

Ratiba yako ya nne kwa nne inafaa kuliko unavyodhani. Chukua zamu siku ya pili au ya tatu ya mapumziko, usiguse ile ya kwanza wala ya mwisho. Kazi itakuwa kwenye mafunzo. Sehemu nyingi huyafanya wikendi, kwa miezi, na wikendi zako zinahama. Waombe kalenda yote mapema, uibandike ukutani karibu na ratiba ya mkeo, mtazame kama kuna usiku ambao hakuna mzazi nyumbani. Ukiuona, bora usubiri mwaka mwingine.

Msafiri_Leeds

Dada, kwa heshima zote, mimi sioni sababu. Saa hizo 16 angezifanya ziada ghalani, apate ada ya mdogo wake. Tena vijana wetu weusi ndio wanaosimamishwa na kupekuliwa kuliko weupe, takwimu za serikali yenyewe zinasema kila mwaka. Unavaaje sare hiyo?

BintiTanga

Hoja yako ni nzito na sitaipunguza. Mwanangu mwenyewe amesimamishwa akitoka mazoezini. Lakini nikupe upande wa pili. Tuliitwa kwenye ghorofa moja, majirani wamesikia kelele. Mama ni Mrundi, Kiingereza hana, na mtoto wa kama miaka tisa ndiye anatafsiri, baba amesimama palepale. Hebu fikiria mtoto anaulizwa, "Mwambie askari baba alifanya nini." Nikamsalimia yule mama kwa Kiswahili, nikamwomba twende jikoni, mtoto akaenda kukaa na mdogo wake. Maelezo rasmi ya mama yalichukuliwa baadaye, mkalimani akiwepo, na ndivyo inavyotakiwa, lakini usiku ule mtoto hakuyabeba maneno yale. Ziada ya ghala ni halali kabisa na asiyejiweza asijibane. Mimi nataka mlangoni pale awepo mtu wetu, na wanaojitolea wamepungua sana: 2012 England na Wales walizidi 20,000, kufikia 2024 walikuwa wamebaki kama 6,000.

Kijana_wa_Baringo

Naongezea tu: hata Kenya tuna National Police Reserve, polisi wa akiba, wale tuliowazoea kwa jina la KPR (Kenya Police Reserve) tangu 1948. Huku kwetu ni wachungaji na wakulima wanaojua njia za mifugo kuliko askari wa kuhamishwa. Wameteseka kwa kukosa malipo, wengine wameacha wajane. Naheshimu sana anayejitolea, ila familia yake iangaliwe.

Mtu_wa_Ghala

Asanteni sana, hasa dada. Nimemsomea mke wangu yote, amesema tuanze na kalenda. Swali la mwisho: fomu ya uchunguzi inauliza madeni. Nina mkopo mdogo wa simu Kenya na wa sacco. Niuandike?

BintiTanga

Andika vyote, na uonyeshe unavyolipa. Deni linalolipwa si kosa, lililofichwa ndilo litakuondoa. Watataka pia majina na tarehe za kuzaliwa za wazazi, ndugu zako na kila mtu mzima unayeishi naye, kwa hiyo piga simu Kericho wiki hii uzikusanye. Kama kuna tarehe ambayo hata nyumbani hawana uhakika nayo, usibuni. Eleza hivyohivyo ilivyo.