Sheria za kilimo zinapitishwa Juni: nani yuko Dodoma, nani yuko shambani?

Mwanamkonge (mwanzisha mada): Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Jana kwenye kahawa pale Ngamiani tulibishana hadi vikombe vikapoa: vyama vya wazalishaji wakubwa vikienda Dodoma kuwashika sikio wabunge kabla muswada haujapita, mkulima mdogo anapona au anauzwa?

Mimi nasema waende tu, ila waliyoyaomba tuyaone.

Tanga tunayajua haya tangu zamani. Hindorf alileta mkonge 1893, miche 62 tu ikafika hai, na kutoka hapo yakaota mashamba yaliyoilisha serikali ya kikoloni. Wenye mashamba walikuwa na chama chao, na 1944 chama hicho kikaunda SILABU, ofisi yao ya kutafuta vibarua, ya kuwasomba manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali. Hawakuhitaji kumhonga mtu. Fedha za nchi zikitoka kwenye singa, yaani nyuzi za mkonge, mwenye singa akikohoa tu gavana anageuka.

Siku hizi mlango ni mwingine. Watu wanangojea muswada wa kilimo, kumbe sheria za mazao zinabadilishwa ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ule wa kodi unaokuja na bajeti kila Juni. Ushuru wa mazao uliposhushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, ilikuwa humo. Anayeusoma muswada ule mstari kwa mstari ni mwenye mhasibu wa kodi. Mimi Juni nachuma machungwa Muheza.

Kijana wa Hale: Kaka, "waende" kwa nauli ya nani? Sisi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, tukipata wito wa kutoa maoni mbele ya kamati, kikao kimebaki siku mbili. Mwenye kampuni analala hotelini Dodoma wiki nzima. Huku kwetu wanakuja wataalamu na fomu, "waja leo waondoka leo", na fomu hatuzioni tena.

Halafu mnasahau korosho. 2018, humohumo kwenye Sheria ya Fedha, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikapelekwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walilia hadharani, tena wengine wa chama tawala. Ikapita. Sasa niambieni, kama mbunge mwenye maelfu ya wapigakura nyuma yake hasikilizwi, chama cha wakulima kitaongea na nani?

Dada wa Raskazone: Mnawapa wenye viwanda nguvu kuliko waliyonayo. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, kilo ikapita shilingi 4,000. Bashe, waziri wa kilimo wa wakati huo, akawanyooshea kidole wazalishaji wa ndani, kwamba walipewa vibali vya kuagiza wakazembea. Juni, Sheria ya Fedha ikaruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uagize na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda walipinga sana, wakashindwa. Mbunge Mpina, aliyemtuhumu waziri kwa kusema uongo juu ya vibali, akasimamishwa vikao 15 vya Bunge. Hapo nani alikuwa mkubwa?

Na tuseme kweli, mbunge wa kawaida hajui korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inakula majani mangapi kwa siku. Asipoelezwa na mwenye mashine ataelezwa na nani?

Kijana wa Hale: Aelezwe, dada. Na mimi ninayekata hayo majani nimweleze pia.

Mwanamkonge: Dada wa Raskazone, kwa sukari umenibana, nakiri. Lakini angalia: serikali na viwanda walivutana, na mkulima wa miwa wa nje ya kiwanda, ambaye bei yake inaning'inia hapo hapo, hakuna aliyemtaja kwenye mabishano yale. Aliyeshindwa alipinga na akasikika akipinga. Yeye hata kushindwa hakupata nafasi.

Pendekezo langu ni dogo. Kifungu kinachogusa zao kisichomekwe kwenye Sheria ya Fedha. Kije na muswada wake, usio wa hati ya dharura ya kuupitisha haraka, na kamati iende linakolimwa. Mkonge, waje Korogwe. Na kila barua ya mdau ibandikwe pamoja na muswada, iwe ya kampuni, iwe ya AMCOS.

Dada wa Raskazone: Kodi zote ziwe na muswada wake? Bunge litakesha. Hilo la barua nakubali.

Kijana wa Hale: Hilo la Korogwe niandikeni wa kwanza. Ila kikao kiwe Jumapili, siku nyingine tuko kwenye mistari ya mkonge.