Vietnam ilitupitaje katika kahawa?

Mkulima wa Masaka: Ndugu zangu, kahawa aina ya robusta humea yenyewe katika misitu yetu ya Uganda. Imekuwaje nchi inayotawaliwa na chama cha kikomunisti iwe ya pili duniani kwa uzalishaji wa kahawa, nyuma ya Brazil?

Mwalimu, Mbale: Mageuzi ya uchumi ya Vietnam, yaitwayo Doi Moi, yalianza mwaka 1986, lakini kwa maoni yangu hatua nzito zaidi ilikuwa ya 1988, pale kaya zilipokabidhiwa mashamba ya ushirika, kisha sheria ya ardhi ya 1993 ikaziruhusu kurithisha, kuhamisha na kuweka rehani haki ya matumizi, ingawa ardhi yenyewe ilibaki mali ya umma. Chama kiliachia jembe, madaraka kikabaki nayo.

Mama Kahawa: Mwalimu, shikamoo. Usisahau maji. Huko Dak Lak, mkoa wa kahawa nchini Vietnam, mkulima huburuta mpira wa maji hadi kwenye shina wakati wa kiangazi, ilhali mimi hutazama mawingu tu. Nasi pia tulivunja ukiritimba wa bodi ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu hatukupata.

Mkulima wa Masaka: Na misitu yao je?

Mwalimu, Mbale: Mingi ilifyekwa, mzee wangu.