Katuni ya vichekesho ya dakika 80: tuanzie wapi?

Kijana wa Tudor
Salaam jamaa. Tuko watatu hapa Mombasa, kompyuta mbili, kibao cha kuchorea kimoja. Tunataka kutoa filamu ya katuni ya dakika 80 kuhusu feri ya Likoni inayoogopa maji. Skripti iko tayari, kurasa 84. Michoro itakuwa mingapi? Programu gani? Na upuuzi huu usimchoshe mtu vipi hadi mwisho?

Fundi Fremu
Hesabu kwanza. Dakika 80 ni sekunde 4,800. Kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kila sekunde, hizo ni fremu 115,200. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, bado ni michoro 57,600. Kwa mkono mtazeeka nayo.

Tengenezeni vikaragosi. Mhusika achorwe vipande vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, kiganja, kisha viunganishwe. Programu za OpenToonz na Blender ni za bure na zote zinaiweza kazi hii. Kwenye kiwiko na goti, ncha za vipande ziwe za mviringo na zipandane. Zikiwa za mraba, mkono ukikunjwa tu pengo linaonekana.

Mtu aliyezoea hutoa kama sekunde 8 kwa siku. Kompyuta ni mbili, basi ni sekunde 16, yaani siku 300 za kazi. Wa tatu achore mandhari kwa karatasi na rangi, zipigwe skani. Lakini msihuishe (msitembeze michoro) chochote kabla ya kupanga storibodi nzima, yaani michoro ya haraka ya kila onyesho kwa mfuatano, na sauti za muda, mkae muitazame dakika zote 80. Onyesho likikatwa hapo halina hasara.

Bi Kisauni
Mie wasiwasi wangu ni skripti. Feri kuogopa maji inachekesha dakika tano. Mkiongeza papa wakili na mnazi unaoimba taarab, mtazamaji haachi kucheka tu, anaacha kushangaa kabisa. Ajabu iwe moja, mengine yote yaende kama kawaida. Abiria wasishangae feri inalia, wagombe kwa sababu wanachelewa kazini. Muuza kashata apandishe bei. Mzee mmoja aje na beseni la maji ili feri izoee polepole. Siku ya tatu foleni iwe na mwenyekiti wake, ya nne iwe na mgogoro wa mipaka. Hapo kichekesho kinazaa kingine.

Na baada ya neno la kuchekesha, uso utulie fremu 16 hadi 20. Macho yapepese mara moja, basi.

Kijana wa Tudor
Shukran. Sauti je? Tumerekodi kwa simu, chumba kina feni.

Sauti Kavu
Rekodini upya kabla ya kuhuisha, maana midomo hufuata sauti. Feni izimwe, na friji ya chumba cha pili pia. Fanyeni usiku wa manane, kukipambazuka kunguru hawatawaacha. Msemaji aelekee kabati lililo wazi, limejaa nguo. Kinasa sauti kiwekwe 48 kHz, biti 24, na kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Chukueni na sekunde 30 za kimya cha chumba, zitaziba mapengo.

Kiswahili kinawarahisishia: irabu tano, mdomo uliofumbwa wa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mdomo wa kupumzika. Vinywa 8 vinatosha. Kinywa kibadilike fremu moja au mbili kabla ya sauti. Angalieni m ya "mtu" na "mbu": ni silabi nzima, ishikilieni fremu 3 au 4. Mkiipitisha kama m ya "mama", mhusika anaonekana anameza maneno.

Fundi Fremu
Nimesahau. Toeni picha za PNG moja moja, si video nzima: stima ikipotea kwenye fremu ya 900, mnaendelea na ya 901. Na mradi uwe fremu 24 kamili kwa sekunde kila mahali. Programu ya kuhariri ikiachwa kwenye 23.976, mkifika dakika ya 80 sauti na picha zimeachana karibu sekunde 5.