MREJESHO: Maktaba ya C iliyozingua kwenye ARM (aina ya prosesa)

Wakuu, niliuliza kwa nini maktaba yangu ya kusoma vihisi vya unyevu wa udongo inakubali kwenye laptop ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD), ila kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ARM) iliyoko shamba la zabibu huku Hombolo, sahihisho la -3 linasomeka 253.

Aliyesema niangalie `char` (aina ya data ya baiti moja) alipatia: kwenye Linux ya ARM kwa kawaida haibebi hasi. Nimeweka `int8_t`, ambayo ni baiti moja inayobeba hasi popote, sasa inasoma -3. `-fsigned-char`, swichi ya kompaila inayofanya `char` ibebe hasi, sijaitumia, maana atakayekompaili bila hiyo atarudi kulekule.

Pia nimeweka `memcpy` (kunakili baiti) badala ya kukasti pointa, yaani kulazimisha baiti zisomwe moja kwa moja kama namba. Ila kwenye QEMU (programu ya kuiga mashine nyingine) ya s390x, prosesa za IBM zinazopanga baiti za namba kinyume na x86-64, jaribio moja bado linafeli: baiti zinasomeka kinyume. Hapo nitaunga namba baiti moja moja kwa kusogeza biti, ili mpangilio wa mashine usihusike.

Ya ARM imeisha, asanteni sana jamani.